Pita Pembeni

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kumuuguza dada yake mkubwa, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Atarudi Ijumaa. Ameacha agizo moja tu: nikate nyasi za mbele. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Ameniangalia vile anavyoniangalia kila ninapomwambia asiwe na wasiwasi.

Mambo ni mazito. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Anakuja kuamua nani abaki na nyumba hii: sisi tunaoishi humu, au shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayetaka kuikatakata iwe vyumba vya kupangisha. Huyu shemeji tunamwita Mkurugenzi, maana tangu amalize shule hajatoa mikono mfukoni. Mke wangu alizaliwa chumba cha nyuma cha nyumba hii. Akiikosa ataugua, najua. Nami nikiikosa nitarudi kupanga, na yule mwenye nyumba wangu wa zamani bado ananikumbuka vizuri.

Sasa, nyasi. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi cherehani. Alipostaafu kushona nguo, akahamia kwenye nyasi. Alizifyeka kwa fyekeo, kisha akapiga magoti na kupunguza kingo kwa mkasi wake wa kitambaa, tepu ya kupimia shingoni. Mgeni akipiga hodi getini, jibu lilikuwa lile lile, awe mjumbe au mchumba: karibu, pita pembeni. Nilipokuja kuposa, nilipita pembeni. Jeneza lake mwenyewe lilipita pembeni.

Tangu afariki, kazi hiyo imeniangukia mimi. Na nyasi hazina Jumapili! Unazikata leo, kesho zinakuuliza ulikuwa wapi.

Leo nikiwa dukani, nimelala kwenye godoro la maonyesho (nauza magodoro, na mteja lazima aone linavyolaliwa), nimepata wazo. Kwa nini nikate nyasi? Kwa nini ziwepo? Ng'oa zote! Tandika nailoni nzito, mwaga kokoto juu yake, panda mishubiri miwili mitatu na ile mimea ya miiba isiyojua kiu. Basi! Uwanja usiotaka kazi. Mama mkwe atafika, ataguna kwa mshangao, atasema kumbe mkwe wangu ana kichwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Ramani nimeichora nyuma ya boksi la mito. Bosi nimemwambia naumwa mgongo. Ameruka kama kakanyaga moto. Muuza magodoro anayeshika kiuno mbele ya wateja ni msiba wa biashara. Kanikataza nisionekane dukani wiki nzima. Safi!

Jumanne, 5 Agosti

Nyasi zimeng'oka kirahisi mno. Nilitegemea vita. Nilipiga jembe kwenye kona, nikavuta, zikafuata zote pamoja, zulia zima, mpaka ukutani. Hata udongo haukurukaruka. Nimezikunja na kuzitupa jalalani.

Pale katikati, chini kabisa, nimekuta sindano. Sindano ya mkono, haina kutu, imetungwa uzi wa kijani. Baba mkwe alikuwa akiangusha vitu ovyo, nikajisemea. Nikaitupa mbali.

Fundi wa kokoto amefika na lori lake. Hajawahi kukanyaga mtaa huu, kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nilikuwa bafuni natoa udongo masikioni. Nimetoka, namkuta ameshaingia na karai kichwani, anazunguka pembeni, bega linasugua ukuta. Uwanja mzima mtupu, udongo tu, na yeye anabana ukutani! Nimemuuliza kulikoni. Amejibu kwamba mzee ndiye aliyemwambia apite pembeni. Mzee gani? Huyo aliyeitikia hodi, amesema, na kunionyesha kwa kidevu pale katikati ya uwanja.

Hakukuwa na mtu.

Nimecheka. Yeye hakucheka. Ametandika nailoni na kumwaga kokoto zote akiwa kandokando, anazivuta kwa reki ndefu, hakuweka hata kisigino katikati. Nikadhani ni ustadi wa kazi. Amemaliza, kapanda lori, kaondoka bila kunywa hata maji niliyomwekea.

Lakini uwanja! Kokoto nyeupe, mishubiri mitatu, mimea miwili ya miiba, vibamba vya kukanyagia kuanzia getini mpaka mlangoni, vimenyooka katikati. Nimeweka kiti kibarazani nikaketi. Sina la kufanya. Nimekaa saa nzima sina la kufanya. Raha iliyoje!

Kitu kimoja tu. Kuku wa jirani waliingia jioni. Wote walipita pembeni, mmoja nyuma ya mwenzake.

Jumatano, 6 Agosti

Nyasi.

Nimeamka nikatoka na chai yangu, nikaziona. Zimetokea kando ya geti, kati ya kokoto, mstari mmoja wenye urefu wa mkono. Kichipukizi, nafasi, kichipukizi, nafasi. Nailoni ni nzito, fundi aliapa hata panya hatoboi. Mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita. Na kinachonikera zaidi: zimeota zikiwa zimeshakatwa. Ncha zote ziko sawasawa. Nyasi gani hizi zinazozaliwa zimenyolewa?

Nimezing'oa. Nimekwenda kuosha kikombe. Nimerudi, zimerudi, na mstari umefika kwenye mshubiri wa kwanza.

Nimemwaga chumvi. Nimemwaga maji ya moto. Nimeziwekea tofali. Zikapita ubavuni mwa tofali, kwa upinde mdogo mzuri, zikaendelea na safari yao. Nimesimama mbali kidogo nikazitazama, ndipo nikaelewa. Huu si mstari wa nyasi. Ni mshono. Mtu anaupinda uwanja wangu kama anavyopinda pindo la suruali.

Nywele zilinisimama. Nasema ukweli, maana hakuna anayesoma humu.

Jirani wa mbele, nesi mstaafu, ameniita kutoka barazani kwake. Anataka kujua yule mtunza bustani wangu nimempata wapi. Mtunza bustani? Yule anayechuchumaa pale katikati kila asubuhi, kasema, tepu shingoni, mchapakazi kweli. Nikasema ah, yule! Ndugu wa rafiki. Nesi kasema anafanana sana na marehemu. Nikasema wazee wote wanafanana. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo. Yeye hafungi mlango mchana.

Nimeamua kufanya uchunguzi. Mtu mzima haogopi uwanja wake. Nimetoka nje ya geti, nimelifunga, nimekohoa, nimepiga hodi.

Kimya.

Nimepiga tena, kwa sauti nyembamba, nikijifanya mama anayeuza mayai.

Karibu, pita pembeni.

Sauti yake! Imetoka katikati ya uwanja, haikutoka ndani. Imetoka chini, usawa wa goti, kama ya mtu aliyeinama ana pini mdomoni. Nami, mwenye uwanja, mchoraji wa ramani, mwenye vibamba vya kukanyagia, nimepita pembeni. Miguu haikuniuliza.

Alhamisi, 7 Agosti

Mshono umezunguka upande mzima wa kushoto. Unaelekea mlangoni. Mshono wa pili umeanza upande wa kulia, nao unaelekea mlangoni. Sijui ikikutana itakuwaje, na sitaki kujua.

Mkurugenzi amekuja. Hakupiga hodi, hapigi hodi huyu. Amekuja kupima vyumba, eti kwa makadirio tu. Amesimama getini, ametazama kokoto, amepiga mluzi. Ameniambia nimemrahisishia kazi, mama akiona nilivyoufanya uwanja wa mzee atanifukuza mwenyewe, hata yeye hatahitaji kufungua mdomo. Nilimwambia mama atafurahi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Halafu nikamwona anaanza kupita pembeni. Nikamuuliza mbona hapiti kwenye vibamba. Mtu mwenyewe kiburi! Akarudi, akaingia katikati, mikono mfukoni, suruali yake ndefu inaburuta chini kama kawaida. Marehemu alimpigia kelele miaka yote juu ya suruali zile. Alimwambia anafagia mji bure na hapewi mshahara.

Sikuona kitu. Naapa nilikuwa namtazama na sikuona kitu. Nilisikia tu: mkasi. Mara mbili. Kisha kitambaa kikivutwa.

Alipofika kibarazani suruali yake ilikuwa imepanda juu ya vifundo. Miguu yote miwili. Imepindwa vizuri, imepigwa pasi, uzi wa kijani.

Alitazama chini. Alitoa mikono mfukoni! Mara ya kwanza katika maisha yake! Aliniuliza kwa sauti ya mtoto kama nami nimesikia pumzi miguuni. Nikamjibu pumzi gani. Ametoka mbio kwa kupitia nyuma, ameruka ukuta wa uani, kwa mguu ule ulio huru sasa kuruka.

Ningekuwa mtu wa kawaida, ningefunga mizigo. Lakini nimekaa nikafikiri. Fundi cherehani mzuri ni adimu siku hizi. Huyu hali, hanywi, hachelewi. Nami nina suruali nne kabatini zinazosubiri kupindwa tangu Pasaka.

Nimezitandaza zote katikati ya kokoto, nimeziwekea jiwe zisipeperuke. Kwa heshima nimesema shikamoo mzee, za kupunguza kidogo tu. Nimeingia ndani haraka.

Ijumaa, 8 Agosti

Suruali ziko tayari. Zimekunjwa vizuri mlangoni, zimepigwa pasi. Nilifurahi mpaka nilipoingiza mguu. Haukutoka upande wa pili. Zote nne zimeshonwa chini, miguu yote, imefungwa kama magunia. Mshono mdogo mdogo, wa ukali. Nimejaribu kuufumua kwa kisu. Kisu kimekatika ncha.

Nimeelewa kwamba nimekataliwa.

Nimevaa kikoi nikangoja mke wangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nyasi zililiwa na mchwa, ningesema. Usiku mmoja tu, mchwa wakubwa, sikuwa na la kufanya ila kuokoa nyumba. Hotuba nzuri. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo na mimi mwenyewe niliamini.

Amefika mchana, begi mkononi, uso umechoka. Amesimama getini na kuona kokoto. Nilikuwa dirishani. Nimeona midomo yake ikifunguka na kubaki hivyo. Nilidhani atapiga ukunga. Badala yake akapiga hodi. Sijui kwa nini. Mtu hapigi hodi kwake. Labda ni mazoea ya utoto.

Karibu, pita pembeni.

Begi lilianguka. Mke wangu alifunika uso kwa mikono yote miwili akalia pale pale getini, kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi. Siku ya mazishi alikuwa akihesabu sahani. Nilitoka nikasimama kibarazani, nisijue niende au nibaki. Akapita pembeni, polepole, mkono unagusa ukuta. Alipofika aliniambia kwamba maisha yake yote, kila akirudi shule, kila akirudi kazini, sauti hiyo ndiyo iliyomwambia amefika nyumbani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilisema vizuri, basi ni mpango wangu, nimekuandalia.

Hajasema nami neno tangu wakati huo. Kapika, kala, kalala. Kabla ya kuzima taa amesema tu kwamba kesho mama akiuliza, nijibu mwenyewe, na kwamba nyumba hii ikiondoka ataikumbuka siku zote kwa jina langu.

Nimeumia. Na mishono miwili imebakiza hatua chache kukutana mlangoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kama ilivyotokea.

Mama mkwe amekuja saa nne asubuhi, kwa teksi, mkoba mweusi kwapani. Ni mwanamke mfupi, mnyoofu, haongezi neno lisilohitajika. Mkurugenzi alikuwa ameshafika, amesimama nje ya ukuta, suruali yake ya vifundoni. Hakutaka kuingia. Alisema yuko sawa pale alipo, hewa ni nzuri.

Mama akapiga hodi.

Jibu halikuja mara moja. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha likaja, lakini safari hii la chini, karibu la aibu: karibu, pita pem...

Halikumalizika. Mama alishaingia. Alipita katikati! Vibamba vyote, kimoja kimoja, visigino vinagonga. Alifika katikati kabisa ya uwanja akasimama, akatazama chini, mahali pasipo na mtu. Kokoto zilikuwa zimebonyea hapo mashimo mawili, kama magoti. Jana hayakuwepo, au yalikuwepo na mimi sikuthubutu kutazama.

Akageuka kwangu. Aliuliza nyasi nimezitoa kwa nini.

Nilifungua mdomo kusema mchwa. Nilikuwa na neno ulimini. Nikahisi kitu kwenye kidole cha mguu. Nikatazama. Mshono wa kushoto ulikuwa umeacha njia yake. Ulikuwa unapanda kibarazani, kwenye saruji tupu, kichipukizi, nafasi, kichipukizi, nafasi, na kile cha mwisho kilikuwa kimeshapita kwenye pindo la kikoi changu. Ulikuwa unanishona kwenye sakafu.

Uvivu, nilisema. Uvivu mama. Nilichoka kukata.

Mke wangu alifumba macho. Mkurugenzi, kule nje, alisema si niliwaambia.

Mama mkwe akacheka. Alicheka peke yake, kicheko kikavu, kirefu, huku ameshika mkoba. Akasema nyasi zile zilikuwa mke mwenza wake. Tena mke mdogo, kipenzi. Kila jioni alipakua chakula, akaita, akaambiwa nakuja. Nakuja hiyo iliisha giza likiingia. Miaka yote ya ndoa alikula peke yake kwenye lile dirisha, anatazama mgongo wa mume wake umeinama, chakula cha pili kinapoa. Alikuwa akiomba kimoyomoyo atokee mtu azing'oe zote. Hakujua kwamba Mungu angemletea mvivu.

Kisha akaongea na yale mashimo mawili. Sitaandika yote, mengine yalikuwa ya wenyewe. Alimwambia umepinda vya kutosha mzee. Hakuna tena cha kupinda. Nimekuita ukasema unakuja, nami bado nimekuwekea. Twende sasa, kitapoa.

Upepo haukuwepo. Kokoto zililia kidogo, kama mtu anapojiinua kwa kushika goti.

Mama alikuja mpaka kibarazani, akainama, akashika ule unyasi wa mwisho uliokuwa kwenye kikoi changu, akavuta. Mshono wote ulitoka! Mzima! Kutoka kibarazani, kandokando ya ukuta, kuzunguka geti, mpaka mlangoni tena, uzi mmoja mrefu wa kijani, trrrrr, unachomoka chini ya kokoto. Aliuviringisha mkononi bila haraka. Mwishoni ilitokea sindano. Aliichomeka kwenye kibonge cha uzi, akatia vyote kwenye mkoba, akafunga zipu.

Tukaingia ndani. Alisema nyumba ni ya binti yake. Kwa jina la binti yake peke yake, alirudia, akinitazama. Mkurugenzi alipiga kelele kutoka nje kwamba hana pingamizi, hata wakimpa na zawadi juu hataki. Mke wangu alipiga magoti akashika mikono ya mama yake. Nami nililia kidogo. Ilikuwa furaha.

Mama aliniwekea sharti moja. Chakula kikiwa mezani, nikae nile na mke wangu kikiwa cha moto. Hilo tu. Nikasema hilo tu, mama? Hilo ni dogo sana! Alinitazama vile mke wangu anavyonitazama. Kumbe ndiko alikojifunzia.

Alipoondoka, nesi alikuwa barazani kwake. Baadaye aliniambia kwamba mama alifungua mlango wa teksi, akasubiri kidogo, kisha ndipo akaingia na yeye.

Jumapili, 10 Agosti

Kimya. Mke wangu ametoka nje ya geti asubuhi na kupiga hodi. Amengoja. Amepiga tena. Amerudi ndani, amepita katikati, amenawa uso. Nimemwambia pole. Ameniegemea begani, mara ya kwanza wiki hii. Tumekula pamoja, cha moto.

Nimeshinda! Nyumba tunayo, nyasi hakuna, mzee kaenda zake kwa amani. Uwanja usiotaka kazi. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kuketi.

Kitu kimoja tu. Watu sasa wanapita katikati. Hawatumii vibamba, wanakanyaga popote. Kuku wa nesi wamefukua kokoto zangu mpaka nailoni inaonekana. Jani la mti wa jirani limeanguka, jekundu, kwenye kokoto nyeupe, linaonekana kutoka barabarani. Nimeliokota. Lingine limeanguka.

Nitanunua reki. Ndogo tu.

Jumatatu, 25 Agosti

Sijaandika muda mrefu, kazi zimenibana. Kokoto haziamini mtu. Ukizisawazisha asubuhi, mchana zina nyayo. Nazisawazisha kabla ya kwenda dukani na nikirudi. Reki inaacha mistari, na mistari lazima inyooke, vinginevyo heri ningebaki na nyasi. Zilizo kandokando nazipanga kwa mkono. Kwa kazi hiyo lazima upige magoti. Nimeshajua kulipo na mabonde mawili mazuri pale katikati, magoti yanaingia sawasawa, kama yalichimbwa kwa ajili yangu.

Wageni nawaomba wapite pembeni. Si kwa ubaya. Mtu akipiga hodi namwambia tu.

Mke wangu ameanza kulia chakula dirishani. Anasema kuna upepo mzuri. Ananiita, nami namwambia nakuja, na kweli naja, nikimaliza upande mmoja. Leo aliniita mara tatu. Nilipoingia alikuwa ameshaosha sahani yake, na yangu ameifunika. Alinitazama nikila cha baridi. Macho yake mekundu. Nimemuuliza kuna nini, akasema hakuna.

Baadaye amesema jambo la ajabu. Anasema mchana, alipotoka sokoni na mikono yote ina vikapu, alipiga hodi getini kwa mazoea tu, bila kutegemea kitu. Na akaitikiwa. Karibu, pita pembeni. Nikamwambia basi mzee karudi, tumwite mama. Akatikisa kichwa. Anasema haikuwa sauti ya baba yake.

Anasema ilikuwa yangu. Ilitoka chini, usawa wa goti. Na kokoto zilikuwa zimesawazishwa upya, mistari imenyooka.

Thubutu! Mchana huo nilikuwa dukani, shahidi wangu ni bosi, amenikuta nimelala fofofo kwenye godoro la maonyesho. Tena nilikuwa naota nasawazisha kokoto.

Nimefikiri jioni nzima. Nimechukua boksi, nimechora. Ikiwa naweza kuwa dukani nimelala, na huku nyumbani reki inatembea na wageni wanaelekezwa, basi jamani, si ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo? Kazi inafanyika na mimi nimelala! Hata uwanja wa nyuma nao tunaweza kuumwagia kokoto.

Mke wangu anaita, chakula kiko mezani. Nimemwambia nakuja.